Ng'ombe 18 wa baba mkwe: kuvuka Januari hadi Aprili kwenye shamba dogo la Ireland

Swali: Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Ireland, kaunti ya Roscommon. Baba mkwe ana ekari 60 na majike 18 wa nyama, chotara wa Limousin, watakaoanza kuzaa katikati ya Februari. Januari anafanyiwa upasuaji wa nyonga, na mume wangu anashinda kazini. Nimekulia Arumeru kwenye ng'ombe wawili wa maziwa wa kufugwa ndani. Nitaweza? Nianzie wapi?

Jibu: Utaweza, dada, ila uzoefu wa Arumeru utakufaa upande mmoja na kukuponza upande mwingine. Utakufaa kwa jicho: aliyelelewa na ng'ombe wawili hujua papo hapo nani hajala, nani kajitenga, nani anapumua vibaya. Utakuponza kwa mikono. Ng'ombe wa maziwa wa nyumbani huguswa mara mbili kwa siku. Hawa wa Roscommon hawakamuliwi. Ndama hunyonya mwenyewe miezi minane hivi, na mama hushikwa mara chache tu kwa mwaka, tena kila mara kwa jambo asilolipenda: sindano, dawa ya minyoo, kipimo cha kifua kikuu. Kabla ya kuzaa atakuvumilia. Akishazaa, hata yule mpole kuliko wote anaweza kukubana ukutani. Kwa hiyo kazi yako kubwa Januari ni kuandaa chakula, mahali na milango, ili Februari mikono yako ihitajike mara chache.

Kabla baba mkwe hajaingia hospitali, zunguka naye bandani ukiwa na daftari. Andika namba ya hereni ya kila jike, tarehe aliyopandwa au iliyokadiriwa kwenye kipimo cha mimba, na kama aliwahi kuzaa kwa shida. Limousin hubeba mimba karibu siku 287 hadi 290, siku kadhaa zaidi ya Friesian uliyemzoea, kwa hiyo ukihesabu kwa kalenda ya nyumbani utakesha bure wiki nzima. Andika nani ni mtamba wa uzazi wa kwanza, maana hao ndio watakaokula usiku wako. Chukua pia simu ya daktari wa mifugo, ya jirani mwenye trekta, na ya mkandarasi wa samadi.

Sasa chakula. Majike wako ndani tangu Novemba na hula sileji, yaani nyasi mbichi zilizovundikwa, iliyofungwa kwenye marobota ya duara yenye plastiki. Jike asiyenyonyesha wa kilo 600 hadi 650 hula karibu kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, yaani ukiondoa maji yaliyomo. Robota la kawaida lina kilo 200 au zaidi kidogo za namna hiyo. Ng'ombe wako 18 basi humaliza karibu robota moja kwa siku, na wakishazaa wataongeza ulaji. Kutoka mwanzo wa Januari hadi Aprili 10 ni siku 100. Yahesabu marobota yaliyo uani leo hii, toa ya ndama wa mwaka jana kama bado wapo, uone kama yanatosha. Yakipungua, ni heri ununue Januari. Mwishoni mwa Machi, mvua ikigoma kukatika, kila mtu kijijini anatafuta na bei hupanda.

Robota zima huwa na uzito wa kilo mia sita, mia saba na zaidi. Mwachie mume wako alisogeze kwa trekta jioni, wewe ubaki na kazi ya kukata plastiki na kusambaza kwa uma. Usisimame chini ya robota lililoinuliwa wala upande wa chini wa mteremko. Ondoa plastiki yote na ule wavu wa ndani, kwa sababu wavu ukimezwa hukaa tumboni. Palipotobolewa na kunguru pataota ukungu. Kata sehemu hiyo utupe. Ukungu na udongo ndani ya sileji huleta bakteria wa listeria, na jike mwenye mimba anaweza kuitupa.

Unono wao ni jambo la kulitazama kwa makini zaidi. Kwa kipimo cha 1 hadi 5, wenyeji hulenga 2.5 siku ya kuzaa: ukikandamiza kiganja juu ya mbavu za mwisho unazihisi kirahisi, lakini hazichongoki. Usitumie macho peke yake, manyoya ya baridi hudanganya. Jike mnene hujaza mafuta kwenye njia ya uzazi na misuli yake huchoka mapema. Aliyekonda hutoa maziwa ya kwanza hafifu, na huchelewa kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena. Kosa linalorudiwa na wengi ni kumnyima chakula jike mnene wiki tatu za mwisho ili ndama awe mdogo. Ndama hapungui kwa kiasi cha maana. Anayedhoofika ni mama. Kama kuna wanene, wapunguzie mapema Januari kwa sileji ya nyasi zilizokomaa, si Februari. Waliokonda na mitamba watenge chumba chao, wapate sileji bora.

Madini yaanze wiki sita kabla ya kuzaa, kwako hiyo ni siku za mwanzo za Januari. Ni unga wa ng'ombe wakavu wenye magnesiamu, iodini, seleniamu na shaba. Kipimo kimeandikwa kwenye mfuko, mara nyingi gramu 100 hadi 120 kwa jike kwa siku. Nyunyiza nusu asubuhi na nusu jioni juu ya sileji ili wababe wasile zamu ya wanyonge. Udongo mwingi wa magharibi ya Ireland una upungufu wa baadhi ya madini haya, na sileji inaurithi. Matokeo huonekana wiki nyingi baadaye: ndama anayezaliwa mzima lakini hana hamu ya kusimama, au kondo la nyuma linalogoma kutoka.

Kuna mbinu moja itakayokuokolea usingizi. Kuanzia wiki mbili tatu kabla ya wa kwanza kuzaa, wazuie kufika kwenye sileji asubuhi na uwafungulie jioni, kati ya saa 11 na saa 1. Majike wanaokula usiku huelekea kuzaa zaidi mchana. Haiwapati wote, lakini tofauti inaonekana. Sharti lake ni nafasi: kila mmoja awe na sentimita 60 hivi za kulia, wote wale kwa pamoja, na maji yawepo muda wote. Januari huko jua huchomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo kila ndama anayezaliwa mchana ni neema. Nunua taa ya kichwani yenye betri ya akiba. Kamera ya bandani inayoonekana kwenye simu nayo si anasa. Watu wengi wanaofuga huku wakiwa na ajira nyingine wanayo.

Nikifika kwenye samadi naomba usome polepole, maana hapa ndipo watu hufa. Majike wanasimama juu ya sakafu ya zege yenye mianya, na chini yao kuna tangi la samadi ya maji. Sheria inakataza kuimwaga shambani tangu Oktoba 1. Kwa Roscommon ruhusa hurudi baada ya Januari 15. Hata baada ya hapo hairuhusiwi kama ardhi imelowa chepechepe, imeganda, au mvua kubwa inatarajiwa ndani ya masaa 48. Tangi lisijae hadi kwenye sakafu, acha angalau sentimita 20.

Kabla ya kunyonywa, samadi lazima ikorogwe, na kukorogwa huko huachia gesi ya haidrojeni salfaidi iliyokuwa imefungwa chini ya utando wa juu. Kwa kiasi kidogo hunuka kama yai viza. Kwa kiasi kikubwa huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama, na pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu. Siku hiyo iwe ya upepo. Toa ng'ombe wote nje, fungua milango yote, watoto na mbwa wawe mbali, watu wawe wawili, na mashine ikishawashwa ondokeni. Dakika 30 za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, na mashine ya kukorogea ikihamishiwa tundu jingine hesabu inaanza upya. Mtu akianguka ndani, usimfuate. Wengi waliokufa walikuwa wanakimbilia kuokoa. Ushauri wangu: kazi yote hii mpe mkandarasi, wewe kazi yako iwe kutoa ng'ombe na kuhakikisha hakuna anayerudi bandani mapema.

Vyumba vya kuzalia: kwa majike 18 viwe viwili, kila kimoja karibu mita 4 kwa 4, sakafu ngumu isiyo na mianya, na mabua makavu ya shayiri ya kutosha. Kipimo ni goti: piga goti, likitoka na unyevu ongeza mabua. Kimoja kiwe na geti la kumbana jike kichwa na ubavu, na uhakikishe wewe, kwa urefu wako, unaweza kulifunga ukiwa nje. Lijaribu Januari pasipo ng'ombe. Kawaida geti limelegea bawaba au komeo limekaza kwa kutu, na saa 8 usiku si muda wa kuligundua hilo. Panga ndoo moja yenye glavu ndefu, mafuta ya kulainisha, kamba mbili safi za kuvutia, dawa ya iodini ya kitovu, mpira wa kumlishia ndama tumboni, na pakiti mbili za unga wa maziwa ya kwanza.

Dalili unazijua: kiwele hujaa, mishipa iliyo pande mbili za shina la mkia hulegea hadi inapotea, ute unaning'inia. Hatua ya kwanza huchukua masaa manne hadi kumi na mbili, anahangaika, analala na kusimama. Muache. Saa yako inaanza kuhesabu mfuko wa maji unapotokea. Jike mzoefu asipoonyesha hatua ndani ya lisaa, na mtamba ndani ya masaa mawili, mwingize kwenye geti umkague. Unatafuta miguu miwili yenye nyayo zinazotazama chini na pua juu yake. Nyayo zikitazama juu, pima viungo kwa vidole: viungo viwili vya kwanza vikikunjwa upande mmoja ni miguu ya mbele, vikikunjwa kinyume ni ya nyuma.

Piga simu kwa daktari bila aibu kama umekuta mkia peke yake, kichwa kimegeuka nyuma, mguu mmoja, au miguu ya mbele inapishana ndani na kichwa hakiingii kwenye nyonga, kwa sababu kupishana huko huwa ni ndama mkubwa kuliko njia. Upasuaji gharama yake ni kubwa, lakini ndama mmoja hai kwa jike kwa mwaka ndiyo bidhaa pekee ya shamba hili. Akifa, umemlisha mama mwaka mzima bure. Na daktari anayeitwa baada ya masaa matatu ya kuvuta hukuta kazi imekwisha kuharibika.

Kila kitu kikiwa mahali pake na ni lazima kuvuta, kamba ikae juu ya kifundo cha mguu na kitanzi kingine chini yake, ili nguvu igawanyike mfupa usivunjike. Vuta anapojisukuma tu, mguu mmoja kisha mwingine, hadi mabega yapite. Kisha mpumzishe, na uelekeze ndama chini kuelekea visigino vya mama. Ile jeki ya kuzalishia iliyotundikwa ukutani ina nguvu kuliko watu kadhaa, nayo haijui ndama amekwama. Usiiguse mpaka mtu akufundishe akiwa kando yako.

Ndama akitoka, mwinamishe kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake kama chura, ili mapafu yote mawili yafunguke. Mchokoe puani kwa bua, au mmiminie maji baridi sikioni. Kumning'iniza kichwa chini kwa muda mrefu hakufai. Kinachotoka ni maji ya tumboni zaidi ya ya mapafuni, na matumbo hukandamiza kifua. Zamisha kitovu kwenye iodini. Kisha toka nje, ufungue geti ukiwa upande wa pili, umuache mama alambe.

Ndama awe amesimama ndani ya lisaa na amenyonya ndani ya masaa mawili. Anahitaji lita 2.5 hadi 3 za dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza, mapema, kwa sababu utumbo wake hufungua mlango wa kinga kwa masaa machache tu na kuufunga ndani ya siku. Usiamini tumbo lililotuna. Angalia chuchu kama zimelainika na kung'aa. Ambaye hajanyonya hadi masaa manne, mbane mama getini, mkamue, umpe ndama kwa chupa. Mpira wa tumboni hufanya kazi, lakini ukiupitisha kwenye koromeo la hewa umemzamisha, kwa hiyo mwombe daktari akuonyeshe siku atakayofika kwa jambo jingine. Kondo la nyuma hutoka ndani ya masaa 12 kwa kawaida. Likizidi 24, mpigie daktari. Usilivute.

Baada ya siku mbili tatu wahamishie kwenye kundi, lakini ndama wawe na kona yao ya mabua yenye uwazi mdogo ambao mama hapiti. Hapa adui ni unyevu. Ndama mkavu aliyeshiba hustahimili nyuzi sifuri bila shida. Ndama anayelala juu ya mabua yaliyolowa huharisha kabla ya wiki mbili. Akiharisha, usimtenge na maziwa. Mwachie mama yake, umwongezee lita 2 za maji ya chumvi za mwili, mara mbili au tatu kwa siku, katikati ya minyonyo. Ngozi ya shingo ikifinywa na kukawia kurudi, macho yakizama, mdomo ukiwa baridi na hanyonyi hata kidole, hiyo si kazi ya mdomoni tena. Anahitaji maji ya mshipani. Nawa mikono kwa sabuni, maana kimoja cha visababishi, kriptosporidia, humuingia na binadamu. Na ndama wa pili akiharisha, ongeza mabua mara mbili kabla ya kufikiria dawa.

Karatasi hazina ugumu, zina tarehe. Ndama avalishwe hereni ndani ya siku 20 na asajiliwe ndani ya siku 27 tangu kuzaliwa. Hereni moja hutoboa kipande kidogo cha sikio kinachobaki ndani ya kichupa. Hicho hutumwa maabara kupima virusi vya BVD (ugonjwa wa ng'ombe wa kuhara na kutupa mimba), ambavyo Ireland imelazimisha vipimwe kwa kila ndama tangu 2013. Wizara ya Kilimo ikishapokea vyote hutoa pasi ya ndama, na bila hiyo hauziki mnadani. Usajili mpe baba mkwe aufanye kwa simu akiwa kitini. Ana namba ya kundi, ana muda, na atajisikia bado yumo. Kumvalisha hereni ndama ambaye mama yake yuko chumba kimoja nawe, hapana. Weka geti katikati kwanza.

Uliza pia kipimo cha mwaka cha kifua kikuu kinaangukia lini. Daktari huchoma sindano mbili shingoni na kurudi baada ya masaa 72 kusoma uvimbe, kwa hiyo kundi lote litapita kwenye kibanio mara mbili wiki hiyo. Kikichelewa, kundi huzuiwa kuuza. Akipatikana mwenye ugonjwa, zuio hudumu hadi vipimo viwili safi vinavyopishana siku 60 hivi.

Jambo linalokuhusu wewe hasa: ugonjwa wa miguu na midomo upo Afrika Mashariki, na Ireland haijauona tangu 2001. Ndugu akija kukutembelea asibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, sheria ya Ulaya inakataza. Kama ametoka kwenye zizi, viatu vyake visiingie bandani.

Nyasi za Roscommon huamka udongo ukifika nyuzi 6 hivi, na kwa kawaida ardhi hubeba uzito wa ng'ombe kuanzia mwishoni mwa Machi au Aprili. Toa kwanza wanaonyonyesha, kwenye shamba kavu lenye kinga ya upepo, siku ya jua, ukianzia na wachache. Kagua uzio wa umeme siku moja kabla. Majike waliofungwa miezi mitano hutoka wakirukaruka na hawaoni waya.

Wiki za kwanza hofia upungufu wa magnesiamu. Nyasi changa zina kidogo, mwili wa ng'ombe hauna ghala lake la kuchota haraka, na maziwa huitoa kila siku. Siku za baridi na mvua ndizo mbaya. Jike husimamisha masikio, hutetemeka, hutembea kama mlevi, huanguka akirusha miguu, na anaweza kufa ndani ya masaa machache. Mara nyingi utamkuta ameshakufa na udongo umechimbwa na kwato. Kinga ni gramu 60 za unga wa magnesiamu iliyochomwa kwa jike kila siku. Hawaupendi, kwa hiyo uchanganywe kwenye kilo moja ya pumba, au tumia vidonge vizito vya kukaa tumboni, kwa idadi iliyoandikwa kwenye pakiti. Ndoo za kulamba zinafaa endapo kila jike anafika. Wengine hazigusi kabisa. Ukimkuta amelala na kutetemeka, mpigie daktari kwanza, kisha kaa mbali na miguu yake. Usimchome magnesiamu kwenye mshipa, moyo utasimama.

Ndigana kali inayoletwa na kupe, unayoijua kutoka Arumeru, Ireland haipo. Kupe wapo, hasa penye vichaka na nyasi ndefu, na wanaleta ugonjwa wa mkojo mwekundu, kwa hiyo kuanzia Aprili angalia rangi ya mkojo unapohesabu kundi. Ukiona rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mpigie daktari siku hiyohiyo.